Ilijiwasha Yenyewe

Pale gatini walimwita Silensa, na si kwa sababu alikuwa mtu mkimya. Maisha yake yote aliyapitisha kichwa kikiwa ndani ya matumbo ya boti za tanga, akirekebisha injini za dizeli zilizongurumia karibu na masikio yake, hata akafika mahali hawezi kukuomba chumvi bila jirani wa tatu kusikia. Mkewe akimwambia, "Punguza sauti, hatuko karakana," humjibu kwa sauti ileile kwamba ameshapunguza. Kila injini ina silensa ya kumeza makelele, yeye pekee ndiye aliyezaliwa bila. Wakamkopesha jina, likamganda.

Karakana yenyewe ilikuwa kontena kuukuu la meli, mwisho kabisa wa gati, lililotobolewa dirisha kwa gesi. Ndani mlikuwa na meza ya mbao iliyokunywa mafuta mpaka ikawa nyeusi, pistoni iliyochoka ikizuia mlango usifunge, na harufu ya dizeli ambayo mkewe aliapa kwamba ilishahamia kwenye mito ya kitanda. Kazi haikuwa na siri. Boti ya tanga huenda kwa upepo, lakini upepo hauwezi kukuingiza kwenye nafasi yako gatini bila kumkwaruza mwenzio, na ukilala umelala na wewe. Ndiyo maana kila boti ya tanga hubeba injini ndogo ya akiba, imefichwa chini ya ngazi ya kushukia chumbani. Hizo injini ndogo ndizo zilizomlisha Silensa, zikamwezekea bati, zikamsomeshea binti yake wa pekee.

Na binti akaenda kusomea umeme.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Walimwita binti Fyuzi, na kila alipopita gatini na begi lake la vifaa walimuuliza Silensa kama analala nyumba moja na adui. Yeye alijitia hamnazo, lakini jambo lenyewe lilimkera, kwa sababu Fyuzi hakusomea umeme wa nyumba. Alisomea mota za boti. Alitaka kuzitoa injini za baba yake zote, moja baada ya nyingine, na kuweka mahali pake mota na betri. Walibishana mezani, walibishana njiani, walibishana hata msibani, wakatolewa nje.

"Baba, mota haina mafuta ya kubadilisha, haina nozeli, haina chujio, haina moshi. Unasukuma mkono wa mota, boti inakwenda."

"Inakwenda mpaka wapi? Betri ikikuishia katikati ya maji utaichaji kwa maombi?"

"Kuna sola. Halafu tanga likivuta boti, maji yenyewe yanaizungusha propela, chaji inarudi."

"Inarudi kiasi gani? Cha kuchemsha chai?"

"Cha kuingilia bandarini. Wewe uliona wapi mtu wa tanga anasafiri kwa injini kutwa?"

"Nimewaona wengi, mama, na nimewavuta kwa kamba. Upepo wa mbele ukikukamata karibu na miamba, mwenye dizeli tele anapigana nao mpaka jioni. Wewe na mota yako saa mbili tu, mnaanza kuagana."

Nisimwonee mtu: wote wawili walikuwa sahihi. Anayekwenda mbali, mahali ambapo hakuna hata mti, dizeli bado ni rafiki wa kweli. Anayetoka asubuhi na kurudi jioni, au mwenye subira ya kungoja upepo, mota itampa raha ambayo dizeli haijawahi kumpa mtu. Lakini watu wawili wa nyumba moja wakiwa sahihi kwa wakati mmoja, hapo ndipo nyumba inapokosa usingizi. Silensa alipoona hoja zinamwishia alikuwa na kauli yake moja ya kufungia kikao: "Hicho kitu chako hakina sauti. Kitakuja kuua mtu. Utajuaje kimewaka?"

Aliyempa Fyuzi kazi yake ya kwanza ya boti nzima alikuwa mama mmoja, daktari wa meno aliyestaafu, ambaye wote walimwita Daktari. Alikuwa na boti nzuri ya mlingoti mmoja na tumbo lisilostahimili harufu ya dizeli. Kila akiwasha injini alitapika, na mtu hawezi kuzunguka dunia akiwa ameinamia maji. Silensa mwenyewe ndiye aliyeitoa ile dizeli kwa mnyororo, akaipangusa, akaifunika kwa turubai pembeni mwa kontena lake. "Mtaitafuta," alisema, na hakuna aliyemjibu.

Fyuzi alifanya kazi msimu mzima. Alilala chali chini ya sakafu ya boti, tochi mdomoni, akipitisha nyaya nene kama kidole gumba. Mchana mmoja, alipokwenda kununua chai, baba yake alishuka kimyakimya kuangalia. Akapiga magoti, akamulika. Nyaya zote zilipinda kwa mkunjo mmoja, kila kiungo kimebanwa na kuvikwa mpira, kila mwisho una kibandiko chenye mwandiko wa binti yake. Betri zilikuwa zimekaa kwenye fremu yao bila kutikisika. Silensa alivuta waya mmoja, akavuta wa pili. Hazikulegea hata kidogo. Moyo ukamjaa, kisha akasikia hatua juu ya gati akatoka mbio kama mwizi. Binti alipomuuliza, "Umeona, baba?" akajibu, "Nimeona nyaya nyingi." Hilo tu ndilo alilompa. Angeweza kumpa zaidi, na hakumpa, kwa kiburi tu cha kijinga.

Siku ya kujaribu, Daktari alimwomba aje nao. Alikataa mara ya kwanza ili abembelezwe, akabembelezwa, akaja. Maji yalikuwa tulivu. Fyuzi alisukuma mkono wa mota, kando ya usukani, na boti ikatoka gatini bila hata mtetemo, na Daktari akapiga makofi kama mtoto. Silensa alisimama karibu na usukani akitega sikio. Hakusikia kitu. Kwake ilikuwa kama kukaa na mtu aliyekununia.

Walipopita kichwa cha gati, boti ikasita, ikasimama. Kamba ya nailoni, ya nyavu za watu iliyokatika, ilikuwa imejizungushia kwenye propela. Mota ilihisi mzigo ikajikata yenyewe, kama Fyuzi alivyoipanga. Hakuna aliyeogopa. Kamba kwenye propela ni jambo la kila wiki. Daktari alikwenda mbele kushusha nanga. Fyuzi akavaa miwani ya maji, akachukua kisu, akakaa ukingoni mwa nyuma ya boti.

"Baba, zima swichi kubwa. Ile nyekundu, chini ya ngazi."

Silensa alitega sikio. Kimya. Maishani mwake injini iliyo kimya ni injini iliyozimwa, hakuna namna ya tatu. Kushuka ngazi, kupiga magoti, kutafuta swichi nyekundu ya kuzima kitu kilichokwisha kufa, tena mbele ya Daktari, aliona ni mchezo wa watoto.

"Imezima!" akajibu, kwa ile sauti yake.

Fyuzi akazama.

Fundi wa dizeli ana tabia moja, na naomba uielewe, maana kila kitu kimesimama juu yake. Mtu akiwa chini anakata kamba kwenye propela, aliye juu huhakikisha injini imezimwa, kisha huingiza giya. Injini iliyozimwa na giya iliyoingia huishika shafti, ule mtaimbo unaozungusha propela, isicheze, propela inatulia tuli, na mwenzako anakata kamba kwa amani. Silensa alikuwa amefanya hivyo tangu ujana wake, na vidole vya watu wengi vilikuwa vimesalimika kwa ajili hiyo. Aliona kamba inavutwa, alihisi shafti inacheza binti anapohangaika nayo, na upendo wote aliokuwa nao ukashuka mkononi. Akaurudisha mkono wa mota katikati kwanza, kama inavyotakiwa. Kisha akausukuma mbele ili amshikie mtoto wake propela.

Mkono wa mota hauna giya. Ukiurudisha katikati, mota inasahau kwamba ilijikata. Ukiusukuma mbele, unaiambia izunguke, nayo inatii papo hapo, bila sauti.

Silensa hakujua amefanya nini mpaka alipoona rangi ya maji.

Hospitali iliokoa kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, na hicho cha mwisho hakikuwa na hisia. Vitatu vya katikati havikupatikana. Daktari wa meno, akitetemeka ndani ya blanketi alilopewa na wauguzi, alimweleza kila aliyeuliza: alikuwa mbele kwenye nanga, hakusikia kitu chochote kuwashwa, ghafla akasikia ukelele wa baba mtu. Mota ilijiwasha yenyewe. Silensa alikuwa ameketi naye benchi moja, damu imemkaukia kwenye suruali. Alisikia maneno hayo yakipita mbele yake, akayaacha yapite.

Siku ya pili Fyuzi alifumbua macho vizuri. Mkono ulikuwa umefungwa bandeji nyeupe kubwa. Mama yake alikuwa ametoka kutafuta uji. Fyuzi akamtazama baba yake, akauliza, kwa upole kabisa:

"Baba, ilikuwaje?"

Ukweli ulimfika Silensa mpaka kwenye meno. Akautazama ule mkono. Akaona kwamba akisema, binti yake atauondoa uso wake kwake na hatamrudishia tena, na hilo akaliogopa kuliko kifo.

"Hata mimi sijui, mama. Ilijiwasha yenyewe."

Fyuzi akatikisa kichwa taratibu. "Ilijiwasha," akasema. Akageukia ukuta. Hakuuliza tena, siku hiyo wala siku nyingine.

Gatini, Silensa aliporudi, walimpokea kama nabii. Si alisema? Si aliwaambia kitu kile kitakuja kuua mtu? Wakamvika kilemba cha ukoka, wakamwekea kiti, wakamtia moyo. Wenye boti waliokuwa wamempa Fyuzi ahadi ya kazi walikuja kontena lake, kofia mikononi, wakisema wameamua kubaki na dizeli. Mmoja alitaka injini yake ivunjwe na kuundwa upya. Mwingine aliyekwisha kuagiza betri alizirudisha. Kazi zilizokuwa zimempungua mwaka hadi mwaka zikafurika mpaka nje ya mlango. Kitu alichokuwa akikiombea kilimjia chote, na kila spana aliyoishika ilimchoma. Alikuwa akirudi nyumbani na sahani inamsubiri, anaisukuma. Mkewe alidhani ni huzuni ya kawaida ya mzazi. Alimpikia laini, akamwambia ajikaze.

Nyumbani Fyuzi alikaa chumba cha nyuma, kile chenye dirisha linaloangalia ukuta wa jirani. Alijizoeza kushika koleo kwa mkono wa kushoto. Alibana waya kwa goti, akaumenya kwa meno, akautazama, akautupa, akachukua mwingine. Baba yake alisimama nje ya pazia akisikiliza vipande vikianguka sakafuni. Siku moja vikaacha kuanguka. Alipochungulia, begi la vifaa lilikuwa limefungwa zipu na kusukumwa chini ya kitanda, na binti amekaa anatazama mikono yake miwili kama ya watu wawili tofauti.

"Mama, unataka chochote?" akauliza Silensa.

"Hapana, baba. Ahsante."

Adabu ile ilimuumiza kuliko matusi. Zamani wasingemaliza dakika bila kubishana.

Kisha Daktari akaja kontena. Alizunguka maneno kwanza, akasifu hali ya hewa, akauliza afya ya mgonjwa, mwisho akalitoa: anataka mota itolewe, ile dizeli yake ya zamani irudi. Atatapika tu, afadhali kutapika.

"Sina kinyongo na binti yako," akasema. "Ni mtoto mzuri. Lakini kazi ile ina kasoro, na kila mtu anajua. Mota haijiwashi kama nyaya zimefungwa sawasawa."

Silensa alikuwa na kitambaa mkononi. Akakiweka mezani. Boti ile ilikuwa kazi pekee ambayo Fyuzi aliwahi kuimaliza akiwa na mikono miwili, na pengine ndiyo ya mwisho. Ikitolewa, itabaki habari moja tu midomoni mwa watu: kulikuwa na msichana mmoja alijifanya fundi, akafunga nyaya ovyo, zikamkata mwenyewe. Vidole vilikwisha kwenda. Sasa lilikuwa linakwenda jina lake, na anayelipeleka ni yeye baba yake, kwa mikono yake, kwa malipo. Akapiga moyo konde.

Alitoka naye mpaka kwenye benchi la mchomeleaji, rafiki yake wa miaka, mahali ambapo wenye boti hunywa chai asubuhi. Walikuwapo wengi. Akasimama mbele yao akasema. Lakini sauti ilimtoka ndogo, kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, na mchomeleaji akazima mashine yake na kumwomba arudie.

"Nasema haikujiwasha. Niliwasha mimi. Aliniambia nizime swichi kubwa, nikamjibu imezima. Sikwenda kuangalia. Halafu nikasukuma mkono, nikidhani naingiza giya, nimshikie shafti. Nyaya za mtoto hazina kosa lolote. Ni mimi niliyemkata."

Daktari akaanza kulia. Akamshika bega.

"Wewe ni baba wa kweli," akasema.

"Daktari, hujanielewa. Ni mimi."

"Nimekuelewa. Nilikuwepo. Sikusikia chochote kuwashwa."

"Haisikiki! Ndiyo nasema, haisikiki!"

"Ndugu yangu," mchomeleaji akamwambia, akimvuta akae, "fundi wa umri wako asukume mkono mtu akiwa chini ya maji? Wewe? Nenda kadanganye watoto. Ningekuwa mimi, kwa ajili ya wangu, ningesema hivyohivyo. Kunywa chai."

Akawa mbogo. Akapaza sauti yake ya zamani, akaapa, akapiga benchi kwa ngumi mpaka vikombe vikaruka. Kadiri alivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kumhurumia. Hata kabla chai haijapoa neno lilikuwa limeshazunguka gati zima: kumbe kazi ilikuwa mbovu kweli, mpaka baba mtu ameamua kujitwika mwenyewe. Yaani ukweli wake, alioubana kifuani miezi yote ile, ulipotoka ulikwenda kumalizia kile alichotaka kukiokoa. Aliona hivyo kwa macho yake, akiwa amesimama katikati yao, na hakuwa na la kufanya.

Akaenda nyumbani kabla ya saa sita, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Habari ilikuwa imemtangulia. Mkewe alikuwa jikoni, amempa kisogo, mwiko mkononi na sufuria haina moto. Hakugeuka. Yeye aliyaamini maneno ya mumewe, maana alimjua. Chumba cha nyuma pazia lilikuwa limefungwa pembeni. Juu ya kitanda kulikuwa na sanduku, na Fyuzi alikuwa amekaa kando yake, amevaa nguo za safari. Mama yake mdogo alikuwa na duka katika mji mwingine, na kwa muda sasa alikuwa akimwita akamsaidie kuuza.

"Nimewaambia," Silensa akasema mlangoni. "Nimewaambia wote ni mimi. Nilitaka wakurudishie jina lako. Hawakuniamini, lakini nitawaambia tena kesho, nitawaambia mpaka—"

"Nimesikia, baba."

"Nisamehe, mama'ngu."

Fyuzi alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu, na yamechoka kuliko umri wake.

"Nilijua tangu siku ileile. Nilikusikia ukisema imezima. Kila mtu hukusikia wewe. Mota ile niliifunga mimi, najua haiwezi kujiwasha. Nilipokuuliza hospitali sikuwa natafuta kujua. Nilikuwa nimeshakusamehe, baba. Kule kule kwenye maji, kabla sijazimia, nilisema moyoni, maskini baba, ataumia sana. Nilikuwa nangoja uniambie tu, nilie, na wewe ulie, tuyamalize. Ukautazama mkono wangu ukasema ilijiwasha."

"Niliogopa."

"Najua. Nikasema leo ameogopa, kesho atasema. Nikangoja kesho. Nimengoja kila siku, nikisikia unasimama nje ya pazia. Na leo umekwenda kuwaambia wao kwanza."

Fyuzi akateleza kutoka kitandani, akaingiza miguu kwenye viatu, akainama kufunga kamba zake. Mkono wa kushoto ulishika upande mmoja. Wa kulia ulijaribu kubana upande wa pili kati ya kidole gumba na kile kisicho na hisia, kamba ikachomoka. Akajaribu tena, ikachomoka.

Silensa alipiga magoti mbele yake upesi, mikono yake minene imenyooka kuzichukua zile kamba.

Fyuzi akauvuta mguu nyuma.

"Mama," akaita, "njoo unifunge viatu."

Mkewe akaja kutoka jikoni, akajifuta mikono, akapiga magoti pale sakafuni kando ya mumewe, akavifunga.